Baba, hii ndiyo kazi yangu

München, 16 Novemba

Baba mpendwa,

Jambo Baba, jambo Mama. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kuuma, ila koti alilonishonea yaya linanitosha. Naamini huko mvua zimeshashika. Lile bati la jikoni lizibwe mapema.

Jumapili uliniuliza, "Huko maabara unafanya nini hasa?" Nikajibu "fizikia", ukanyamaza, kisha simu ikakatika. Jibu lile limenikaa rohoni wiki nzima. Wewe umeyeyusha shaba miaka mingi, unastahili kuelezwa kazi kama fundi anavyomweleza fundi mwenzake.

Ninachopima ni kobalti. Ndiyo, ileile ya kwetu Katanga. Mezani nina kibamba chembamba kuliko kucha, kinang'aa, na nakishika kwa koleo ndogo nisikiache na jasho la vidole.

Unaikumbuka ile sumaku uliyotoa kwenye spika mbovu ukanipa nichezee? Ilinasa misumari, waya wa shaba ikauacha. Nilikuuliza kwa nini, ukasema nikasome. Basi, Baba, nimesoma. Kila elektroni, ile chembe ndogo mno yenye chaji iliyomo ndani ya chuma au shaba, ni kama kisumaku kidogo chenye mwelekeo wake, nao mwelekeo huo tunauita spini. Katika shaba, zinazoelekea juu na zinazoelekea chini ziko sawa kwa idadi, zinafutana. Katika kobalti upande mmoja ni mwingi kuliko mwingine, ndiyo maana inanasa. Mimi nataka kuyaona makundi hayo mawili kila moja peke yake, na kujua elektroni zake zinakimbia vipi.

Ninamtuma pozitroni. Huyu ni pacha wa elektroni mwenye chaji ya kinyume; Carl Anderson aliiona alama yake huko Marekani mwaka 1932. Sisi tunampata kutoka sodiamu-22, aina ya sodiamu yenye mnururisho, ambayo kila miaka 2.6 nguvu yake hubaki nusu. Akiingia kwenye kobalti anapunguza mwendo, anazunguka muda usiofika hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde, anakutana na elektroni, na wote wawili wanatoweka. Inabaki miale miwili ya gama, yaani mwanga wenye nguvu nyingi usioonekana kwa macho, mmoja huku, mwingine kule. Kama elektroni ingekuwa imetulia, miale hiyo ingenyooka kabisa. Kwa kuwa ilikuwa inakimbia, mstari unapinda kidogo, haufiki digrii moja, na kwa kupima kile kipindo najua elektroni ilikuwa na mwendo gani.

Sasa sikiliza hapa, Baba, ndipo penye utamu. Pozitroni za sodiamu hutoka nyingi zikiwa zimeelekeza spini upande zinakokwenda, kama skrubu inayosonga mbele ikizungushwa kulia. Na ili itoke miale miwili, pozitroni na elektroni lazima spini zao zipingane. Zikielekea upande mmoja, inatakiwa mitatu, na hilo hutokea kwa nadra. Kwa hiyo pozitroni anachagua. Nageuza usumaku wa kobalti, nahesabu upya, na safari hii anachagua kundi lile jingine. Tofauti ya hesabu hizo mbili inatokana na usumaku wenyewe.

Na unajua nani aliyetuonyesha kwamba maumbile hubagua kushoto na kulia namna hii? Mama mmoja mzaliwa wa China, Chien-Shiung Wu, mwaka 1957, kwa kupoza kobalti-60, aina ya kobalti yenye mnururisho, hadi karibu na baridi ya mwisho kabisa. Kobalti, Baba! Niliposoma hivyo mara ya kwanza niliinuka kitini.

Mwezi wa tisa nilihesabu wiki tatu, na mistari miwili ya grafu, mmoja kwa kila upande wa usumaku, ikalaliana kama mmoja. Nililia, siwafichi. Kosa lilikuwa langu: bamba jembamba hukubali usumaku kwa kufuata ubapa wake, lakini kuupitisha katika unene wake kunataka nguvu kubwa zaidi. Nilikuwa nageuza sumaku, kobalti yenyewe haigeuki vya kutosha. Tumeweka sumaku kali zaidi, na Alhamisi, saa nane usiku, mistari iliachana. Niliita jina lako peke yangu mle chumbani.

Nina swali ambalo humu hakuna wa kunijibu. Shaba huyeyuka kwenye digrii 1,085, na kobalti hupoteza usumaku ikifika karibu 1,115. Yaani shaba imeshakuwa maji na kobalti bado inanasa. Pale tanurini, mlipokuwa mnamimina, uliwahi kuliona hilo kwa macho yako? Nitapiga Jumapili saa kumi, umeme ukiwepo.

Na lile jiwe jeusi la juu ya kabati, Mama asilitupe.

Mwanenu