Misuli isihukumiwe kwa kipimo kimoja

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu kuhusu maumivu ya misuli, mwandishi anasema kwamba kimeng'enya cha kriatini kinase, ambacho humwagika kwenye damu misuli ikiharibika, kikiwa cha kawaida, mgonjwa aondoe hofu, misuli yake ni mizima. Sentensi hiyo niliambiwa mimi kwa miezi minne, nayo haikuwa kweli.

Kwangu yalianza kwenye mashavu ya miguu, yote miwili. Asubuhi nilitembea kwa ncha za vidole, maana nikikanyaga kisigino nilihisi kama kitu kinachanika ndani. Jioni homa. Suruali zikaanza kunipwaya. Kimeng'enya kilipimwa mara tatu na mara zote kikawa sawa. Mara ya tatu nikaulizwa kwa upole kama nina msongo wa mawazo nyumbani. (Sikuwa nao, mpaka nilipoulizwa.) Wakati huohuo vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe wa ndani mwilini (inflamesheni) vilikuwa juu mno, na hakuna aliyevihangaikia.

Kumbe shida haikuanzia kwenye misuli. Nina vaskulaitisi, ugonjwa ambao kuta za mishipa ya damu huvimba na kuharibika. Aina yangu, poliateritisi nodosa, huandama ateri za ukubwa wa kati na ndogo. Madaktari wameizoea zaidi inapogusa figo, utumbo, ngozi au mishipa ya fahamu. Wagonjwa wengi huumwa misuli, lakini uvimbe wa misuli kuwa ndio dalili inayotangulia ni jambo la nadra. Tena uvimbe huu una tabia yake. Katika mayositisi iliyozoeleka, yaani ugonjwa wa uvimbe wa misuli, nyuzi za misuli zenyewe hushambuliwa, zikabomoka na kumwaga kimeng'enya kwenye damu. Katika vaskulaitisi, vita viko kwenye mishipa inayopita katikati ya nyuzi hizo. Misuli inauma na kukosa nguvu, lakini mara nyingi nyuzi hazibomoki kiasi cha kupandisha kipimo.

Kilichonitoa gizani ni picha ya MRI. Ilionyesha mabaka yanayong'aa kwenye mashavu ya miguu, yametapakaa kama pamba iliyochambuliwa. Daktari mmoja wa baridi yabisi akaagiza kinyama kikatwe palepale palipong'aa. Alisisitiza hilo, kwa kuwa ugonjwa huu hukaa vipande vipande, na ukikata pembeni kidogo unaweza kupata nyama isiyo na ugonjwa ukarudishwa nyumbani. Kwenye hadubini, ukuta wa ateri ulikuwa umekufa sehemu, umezingirwa na chembe nyeupe za damu.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1866, huko Freiburg, Ujerumani, madaktari Kussmaul na Maier walipoueleza ugonjwa huu kwa kina, mgonjwa wao alikuwa fundi cherehani wa miaka 27 aliyelalamika maumivu ya misuli na kuishiwa nguvu. Mwanzoni walidhani vinundu kwenye ateri zake vililetwa na minyoo. Vigezo vya wataalamu wa baridi yabisi wa Marekani vya mwaka 1990 vya kuuainisha ugonjwa huu navyo vinataja maumivu ya misuli na miguu kuuma inapobonyezwa.

Kuna mtego mwingine ambao makala haikuugusa kabisa. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe huo, iliondoa homa yangu ndani ya siku chache, nikashukuru. Miezi kadhaa baadaye mapaja yakalegea. Nikawa siwezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, lakini bila maumivu. Kimeng'enya, kwa mara nyingine, sawa. Safari hii aliyekosea alikuwa dawa, kwani steroidi zikitumika kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja na mabega. Ugonjwa ukirudi, tiba huongezwa. Dawa ikiwa ndiyo inayodhoofisha, dozi hupunguzwa taratibu chini ya daktari. Kriatini kinase peke yake haiwezi kukuambia uko njia ipi. Udhaifu wa mguu unaweza pia kutoka kwenye mishipa ya fahamu iliyokosa damu, na huo hutafutwa kwa vipimo vingine.

Naomba basi msahihishe sentensi ile. Andikeni kwamba mwenye maumivu ya misuli yasiyokoma, pamoja na homa, kupungua uzito au vipimo vya uvimbe vilivyopanda, asikubali kuambiwa ni mzima kwa sababu kimeng'enya kimoja kiko sawa, na aulize habari za mishipa ya damu.

Msomaji wenu