Tupeni tarehe ya kikao, tukaisome hotuba yenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Nasimamia klabu ya mdahalo katika shule ya sekondari hapa Morogoro. Kila muhula wanafunzi huniuliza watajifunzia wapi kuhutubia. Wengi wamekwisha kutazama video za Kiingereza za namna ya kusimama na kupunga mikono. Mimi huwapeleka kwenye Hansard.

Hizo ni taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge; zipo kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili, na kuzisoma ni bure. Utamu wake ni kwamba huandikwa hata "(Makofi)" na "(Kicheko)" pale vilipotokea. Basi nawaambia: tafuteni penye makofi, rudini nyuma sentensi tatu, mwone msemaji alifanya nini. Mwezi uliopita binti wa kidato cha pili aligundua mwenyewe kwamba, katika kurasa alizosoma, makofi yalimfuata mbunge aliyekitaja kijiji chake kwa jina, lakini takwimu zilipofuatana nne tano hapakuwa na kofi hata moja. Nilifurahi siku nzima.

Kisha tunachukua habari ya gazeti kuhusu hotuba ile ile tulinganishe, na hapo ndipo tunapokwama. Habari inasema "akizungumza bungeni hivi karibuni", basi. Hansard imepangwa kwa mkutano, kikao na tarehe. Bila hivyo mtoto anapekua kurasa kwa kurasa, kwa bando alilonunuliwa na mama yake.

Kwenye kura za maoni ni yale yale. Magazeti yetu, lako likiwemo, huandika asilimia na kuacha waliohojiwa walikuwa wangapi na waliulizwa nini. Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni wa shirika la Twaweza, huhoji kwa simu. Afrobarometer, taasisi ya kupima maoni ya watu barani Afrika iliyoanza 1999, huwafuata watu majumbani, na madodoso yake yapo mtandaoni. Ukihoji watu 1,200, matokeo yanaweza kupanda au kushuka kwa takribani pointi 3. Kwa hiyo 46 dhidi ya 44 si kuongoza, hata kichwa cha habari kikisema hivyo.

Ninachoomba ni mstari mmoja tu chini ya habari: mkutano wa ngapi, kikao cha ngapi, tarehe gani. Kwa kura ya maoni, idadi ya waliohojiwa, walivyofikiwa, na swali lenyewe kama lilivyoulizwa. Mkianza hata wiki ijayo, gazeti lenu nitalipeleka darasani Jumatatu asubuhi.

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro