Shoga yangu, hilo tumbo usilikate kwanza

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza ulinikuta Marikiti nachagua nazi, nikaweka kikapu chini. Sikukujibu kwa sauti kwa kuwa nyumba yangu ina masikio mengi, na haya ni ya kusoma ukiwa chumbani peke yako, mlango umetiwa komeo.

Umesema mwezi ujao unakwenda kukatwa ile ngozi ya tumbo inayoning'inia tangu kilo zako 50 ziondoke, halafu ukipata nguvu ndipo ufikirie mambo ya kujengewa titi lako lililoondolewa kwa saratani. Nakuomba, kwa haki ya utoto wetu, geuza mpango. Asikuguse mtu tumbo kabla hujaonana na daktari wa upasuaji wa plastiki, yule hasa anayejenga matiti, akakupima na kukwambia nyama ya titi ataitoa wapi.

Nasema hivi kwa yaliyonipata. Wakumbuka nilivyopungua kutoka kilo 114 hadi 71, ile ngozi ikawa yanitoa vipele kila ikifika kaskazi? Nikaenda nikaikata. Nilifurahi mno, wallahi. Miaka miwili baadaye ukaja ule uvimbe wa saratani, na titi la kushoto likaondoka. Nilipokwenda kuuliza kama laweza kurudishwa, daktari alinifunua tumbo, akaliona kovu lililotoka nyonga hadi nyonga, akanyamaza. Kisha akaniambia kwa upole kwamba kilichotupwa siku ile ndicho ambacho angekitaka kwanza kunijengea titi. Nililia ndani ya tuktuk mpaka Makadara.

Tumbo lako la chini, ngozi na mafuta yake, linalishwa na vijishipa vya damu vinavyopenya msuli kutoka ndani. Daktari wa titi huvifuata kimoja kimoja, akaitoa nyama ile pamoja na mshipa wake, akauunga na mishipa ya kifuani akitazama kwa hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Msuli anauacha mahali pake. Tumbo linashonwa, nawe unaamka una titi na tumbo limekaa sawa, yote kwa operesheni moja. Lakini anayekukata tumbo kwa ajili ya umbo tu, huiinua ngozi yote kutoka kwenye msuli, na vijishipa vile vinakatika. Sehemu inatupwa, na inayobaki haiwezi tena kuhamishwa kwa njia hiyo. Na daktari alinieleza jambo lililonichoma zaidi: kwa sisi tuliokuwa wanene sana, vijishipa hivyo mara nyingi huwa vimetanuka, maana vilikuwa vikilisha mwili mkubwa. Hiyo ngozi unayoifunga kwa leso usiione, shoga yangu, ni akiba. (Kovu lako la kujifungulia lisikutie hofu. Mara nyingi si kizuizi, ila lazima alione.)

Mimi ilibidi watoe mgongoni. Walichukua msuli mpana wa mgongo na ngozi yake, wakaupitisha chini ya kwapa mpaka mbele, ukiwa bado umeshikana na mshipa wake. Ni njia kongwe, iliandikwa na daktari Mwitaliano, Iginio Tansini, mwaka 1906. Zile nyama za mgongoni zilizolegea, nilizokuwa nikizificha kwa buibui, zilisaidia titi lipate ujazo. Namshukuru Mungu. Lakini maji yalijikusanya mgongoni wiki baada ya wiki, wakawa wananifyonza kwa sindano, na hadi leo ndoo ya maji mkono wa kushoto siinui kama zamani. Titi la kulia nalo lilikuwa limeanguka kwa kupungua kule, wakalipandisha baadaye ili yalingane. Kwako huenda iwe hivyo hivyo.

Sasa sikiliza kuhusu damu na chakula. Wewe mfuko wa chakula umepunguzwa kwa operesheni, unakula kidogo, na virutubisho mwilini hupotea kimyakimya. Omba upimwe damu: chuma, vitamini B12, vitamini D, protini. Kidonda cha mtu asiye na protini hakifungi, na sisi tuliopungua sana vidonda vyetu tayari ni vya shida kuliko vya wengine. Kula samaki, mayai, mbaazi, hata kama ni vijiko vitatu kwa wakati. Kilo zako zitulie miezi kadhaa kwanza, kwa sababu mafuta yaliyotoka tumboni yakikaa kifuani bado yananenepa na kukonda pamoja nawe. Tambuu ile yenye tumbaku iache kabisa, maana inabana mishipa, na mshipa uliounganishwa ukiziba, nyama yote yaweza kufa. Vidonge vyako vya tamoxifeni, vile vya kuzuia saratani isirudi, huongeza hatari ya damu kuganda. Mwambie daktari unavitumia, huenda akavisimamisha kwa muda, lakini usiviache kwa uamuzi wako. Na kwa kuwa ulipigwa mionzi, lile titi la silikoni ulilosifiwa na jirani lisiwe chaguo la haraka. Kwenye ngozi iliyopigwa mionzi mara nyingi hukakamaa na kuuma.

Nikufiche nini? Titi hili halihisi kama la zamani. Mwezi wa kwanza nilijifukiza udi, nimeinamia chetezo na leso juu, nikaja kuona lengelenge ngozi ishaungua, wala sikusikia moto. Chuchu ya kutengenezwa sikutaka. Shehe wetu nilimuuliza, akaniambia kurudisha kilichoondolewa na maradhi ni tiba, nikatulia. Na wapo wanaobaki kifua kimoja wakaridhika, wakashona kifuko cha mtama ndani ya sidiria, nami nilikitumia mwaka mzima. Ukichagua hivyo sitakulaumu hata kidogo. Ninachotaka ni uchague ukiwa milango yote bado i wazi.

Piga simu kesho, waambie waahirishe. Arubuni ikipotea, tutasaidiana. Halafu panda basi la asubuhi kutoka Malindi, ulale kwangu siku mbili. Lete karatasi zako zote, hata zile za mfuko wa chakula, twende pamoja kwa daktari wangu. Usiku watoto wakilala nitakuvulia nguo, uone mgongo na kifua, uguse mwenyewe. Hakuna aliyenionyesha mimi kabla.

Mahamri nitakupikia, madogo ya kukutosha.

Shogayo wa Kibokoni