Mwacheni mama wa watu

Mhariri,

Barua mnazochapa kuhusu riwaya yenu ya Jumapili zimenichosha. Kila mtu anamwita yule mwanamke mwongo, eti kamficha mumewe kwamba aliwahi kuolewa na ana mtoto kwa bibi yake. Sawa, alificha. Lakini mume naye, sura ya kwanza tu, alipeleka posa bila kuuliza binti wa watu katokea wapi. Aliuliza kama anajua kupika samaki mgebuka! Hilo hamlioni?

Hapa Kibirizi tunaanika dagaa pamoja na wanawake waliovuka ziwa usiku na kanga moja. Hakuna anayewachimba. Meli yetu ya Liemba yenyewe ilikuja na jina la Kijerumani, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina jingine, na babu zetu wakaipanda bila kuuliza ya nyuma.

Anayeniudhi mimi ni wifi yake yule mwanamke. Usome barua ya mwenzio, kisha uirudishe chini ya godoro kama haijaguswa! Huyo hajapata hata mstari mmoja wa lawama.

Mwambieni mwandishi asimuue yule mama. Na herufi ziongezeni kidogo. Shoga yangu anayetusomea, macho yameanza kumsumbua.

Mama Dagaa,
Kibirizi, Kigoma