Miche elfu moja ya mti mama mmoja haitoshi

Mhariri,

Kila mvua zinapokaribia, magazeti yetu huandika habari za miche ya miti adimu inayogawiwa kwa maelfu. Tunazifurahia. Ila habari hizo hutaja idadi ya miche tu, hazisemi imetoka kwa miti mama mingapi. Kwa mti uliobaki mmoja mmoja duniani, hilo ndilo swali la kwanza kuulizwa.

Tazama Karomia gigas, mti mrefu wa misitu ya pwani. Kenya ulijulikana kwa mti uliopatikana Mwarakaya, Kilifi, mwaka 1977, nao ukaja kukatwa. Ulidhaniwa umetoweka kabisa hadi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipouona tena kusini mwa pwani ya Tanzania mwaka 2011. Mbegu zake nyingi huliwa na kuvu kabla ya kuota, kwa hiyo kitalu hushawishika kukuza chochote kilichoota, bila kuuliza ni cha mama gani. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Hesabu yenyewe ni fupi. Katika kila kizazi, utofauti wa vinasaba unaopotea ni moja gawanya kwa mara mbili ya idadi ya miti inayozaa kwa kweli. Ikizaa 10, asilimia 5 hupotea. Ikizaa 50, asilimia 1. Mti mmoja ukijichavusha wenyewe, nusu ya utofauti wake huondoka kwa mkupuo mmoja, hata kama miche yake ni elfu. Matokeo huonekana baadaye: mbegu tupu, miche dhaifu, na shamba zima linalougua ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Encephalartos woodii wa Afrika Kusini, mmea ambao dume na jike huota mbalimbali, ulipatikana mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye, mmea dume peke yake. Leo umo katika bustani nyingi duniani, na yote ni vipande vya dume yuleyule. Mpaka sasa haujapata jike.

Kazi ya kuzuia hayo huanzia msituni, wala haihitaji mitambo. Kila mti uliobaki upewe namba kwenye kibati cha alumini, vipimo vya GPS viandikwe, kisha lichukuliwe jani changa la kupimwa vinasaba maabara, lisilo na ukungu wala utomvu wa wadudu. Kipande cha ukubwa wa vidole viwili kinatosha. Kitiwe katika bahasha ya karatasi iliyoandikwa kwa penseli, na bahasha iwekwe ndani ya chupa ya silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) yenye uzito mara 10 wa jani. Jani likauke ndani ya siku moja au mbili. Silika ikibadilika rangi, iondolewe na kuwekwa nyingine. Wengi huharibu hapa: majani hufungwa mabichi ndani ya plastiki, hukaa garini juani, vinasaba hukatikakatika, kuvu huota, na maabara huja kusoma vinasaba vya kuvu badala ya vya mti. Kuhifadhi kwa spiriti nako hakufai.

Miti ikiwa chini ya 30, ichukuliwe sampuli yote. Usibague machipukizi yaliyo karibu, kwani maabara ndiyo itakayosema kama ni miti mitano au ni mzizi mmoja uliochipua mara tano. Tumeona hesabu ya miti ikipungua sana baada ya kipimo hicho, na ni heri kulijua hilo mapema.

Maabara hutoa pia kiwango cha undugu kati ya mti na mti: ndugu wa baba na mama mmoja ni kama 0.25, wa mzazi mmoja 0.125. Kwa orodha hiyo, mtaalamu huchagua miti isiyo na undugu, hufunika ua la mti mama kwa mfuko wa kitambaa kabla halijafunguka, hupaka chavua kwa brashi laini, kisha hulifunika tena. Miti ya misitu miwili iliyotengana muda mrefu ichanganywe kwa majaribio madogo kwanza, kwa sababu mara nyingine watoto wao hushindwa kuizoea ardhi yoyote kati ya hizo mbili.

Kitaluni, kila mama awe na tuta lake na kibao chake. Wakati wa kupanda, idadi ya miche kwa kila mama iwe sawa, hata kama mama mmoja ameotesha 400 na mwingine 12. Inauma kuacha miche yenye afya, lakini huyo wa 12 ndiye aliyebeba kisichopatikana kwingine. Shambani, ndugu wasipandwe jirani.

Vipimo hivi havina maana msitu ukifyekwa. Erythrina schliebenii, wa jamii ya mwamba-ngoma, uliorodheshwa kuwa umetoweka mwaka 1998, ukaonekana tena katika mabaki ya misitu ya pwani hiyohiyo ya kusini mwa Tanzania. Serikali za vijiji zinazolinda misitu hiyo ziombwe ridhaa kabla jani la kwanza halijachumwa, na zipewe nakala ya majibu kwa Kiswahili.

Tunaomba wanaofadhili vitalu waongeze mistari miwili tu katika fomu zao: mbegu zimetoka kwa miti mama mingapi, na namba za miti hiyo ni zipi. Nanyi waandishi, mwulizeni hivyo mwenye kitalu kabla hamjapiga picha ya miche.

Watunza mbegu za miti ya asili,
Lindi