Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wenye Nyumba za Wageni, Kigoma

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vinne vimefanyika, viwili bila akidi. Ufukwe wa Kibirizi tumeusafisha mara sita. Nyumba 14 zimeacha chupa ndogo za maji vyumbani na kuweka dumu la lita 20 lenye koki. Tuko wanachama 31; waliomaliza ada ni 12. Wengine tunaonana msibani na sokoni, mkutanoni hawafiki, lakini kwenye kundi la simu ndio wasemaji wakuu.

Sasa niingie kwenye jambo lililozua maneno: fedha za mfuko wetu kujenga mtego wa mafuta (pipa la kunasa mafuta ya maji machafu) na shimo la migomba (maji hayo yanaishia humo, migomba inayanywa) kwenye nyumba moja ya Katonga, badala ya kununua paneli za sola za kuendeshea hita za bafuni. Kwanza, mwenye nyumba ile si ndugu yangu wala shemeji yangu. Nyumba ilichaguliwa kwa sababu maji ya jikoni na ya kufulia yalikuwa yakienda mtaroni, na mtaro unaishia ziwani.

Pili, paneli nilizipinga mimi, na msimamo wangu ni uleule. Paneli nne za wati 400 hazivuki wati 1,600 hata jua likiwa la utosi. Hita ya bafuni ya kuchemsha papo hapo huvuta wati 3,500 hadi 5,500, nyingine zaidi. Tena mgeni anarudi kutoka hifadhi ya Gombe jioni ndipo anataka maji ya moto, jua limeshazama upande wa Kongo. Kwa kazi hiyo kinachofaa ni tanki la lita 200 la kupashia maji kwa jua, juu ya paa, si paneli.

Kwa wanaosema fedha zimetupwa shimoni, kazi yenyewe ni hii. Mtego ni pipa la lita 100 lenye mfuniko. Maji yanaingia juu. Bomba la kutokea lina kiungo cha tii (chenye umbo la herufi T), mguu wake ukishuka sentimita 30 chini ya uso wa maji. Mafuta yanaelea, maji ya katikati ndiyo yanayotoka. Fundi alifunga bomba tupu bila tii. Wiki ya tatu mafuta yalikuwa yameshaingia shimoni, udongo ukaziba, maji yakatuama na harufu ikawafikia wageni barazani. Hapo ndipo picha zilipigwa na kusambazwa. Tii ilipowekwa, picha hakuna aliyepiga.

Shimo lina kipenyo cha mita 2. Kina kilikusudiwa mita 1, lakini maji yalianza kuchimbuka (ziwa lilivyopanda miaka hii, watu wa Kibirizi hamhitaji kuambiwa), tukarudishia udongo hadi kina kikabaki nusu mita na kuinua kingo kuzuia maji ya mvua. Ndani tumejaza matawi, mabua na majani makavu, maji yasionekane juu, maana yakionekana mbu watazaliana. Migomba mitano iko ukingoni.

Mkijenga kwenu, kaeni mita 30 kutoka kisimani na mita 60 kutoka ufukweni, na maji ya choo yabaki kwenye karo lake. Mafuta yaenguliwe kila wiki. Majani yaongezwe yakishuka. Msifue mashuka ya vyumba vyote siku moja, shimo litafurika, na dawa ya kung'arisha mashuka isimwagwe humo, inaua vijidudu vinavyoozesha uchafu. Nyumba ya Katonga yote haya niliyasimamia mwenyewe, bila posho.

Mwakani, Mungu akijalia na mfuko ukiruhusu, tunatarajia kufikiria matanki ya jua na uvunaji wa maji ya mvua. Mweka hazina anapokea ada hata kwa mafungu.

Mwenyekiti