Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mifugo Zanzibar: mbwa wapimwe damu kabla ya kutibiwa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Kusini Unguja. Huku mbwa wapo wa wasasi, wa kulinda mashamba na mahoteli, na wale wasio na mwenyewe wanaozurura pwani. Naomba vituo vya mifugo vya Unguja na Pemba viwezeshwe kupima damu ya mbwa, na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe pia siku ya dawa ya minyoo na kupe.

Mbwa akishikwa na homa, akasusa chakula na ufizi ukapauka, mara nyingi tiba yake ni ya kubahatisha: anapigwa sindano iliyopo. Kumbe kupe mmoja wa kahawia anaweza kumwachia maradhi mawili kwa mpigo. Erilikia hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu na kupunguza zile za kugandisha, hata mbwa akatokwa na damu puani. Babesia hupasua chembe nyekundu. Doksisaiklini hutibu erilikia ikitolewa kila siku kwa wiki 4, lakini babesia haimalizwi nayo; ina dawa zake, kama sindano ya imidokabu. Mwenye mbwa akimwona mnyama wake kainuka siku ya tatu, huacha vidonge, na ugonjwa unabaki mwilini kimya kimya ukimdhoofisha.

Babesia huonekana kwa tone la damu ya sikioni, kioo, rangi ya Giemsa na hadubini. Visiwa hivi vimetafuta vimelea vya malaria kwa njia hiyo hiyo miaka mingi, kwa hiyo ujuzi tunao. Erilikia ni vigumu kuikuta kwenye kioo, na kwa hiyo vituo vinahitaji pia vipimo vya haraka vya kingamwili.

Kupe nao wana hila yao. Jike akishashiba damu humwacha mbwa, akaingia kwenye ufa wa ukuta na kutaga mayai kwa maelfu. Kumuogesha mbwa bila kutia dawa banda lake ni kazi bure. Wapo wanaompaka mafuta ya taa. Hayo humuunguza ngozi, na akijilamba yanamdhuru. Na tuseme kweli, Mheshimiwa: wengi wetu hatumgusi mbwa kwa kuchelea najisi, na kupe hupenda kujificha ndani ya masikio na katikati ya vidole, pasipotazamwa na mtu. Ndiyo maana tunamhitaji afisa mifugo mwenye glavu na dawa inayodumu mwilini kwa wiki kadhaa.

Jambo hili si la mbwa peke yao. Mayai ya minyoo ya safura ya mbwa hutoka na kinyesi, yakaanguliwa kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli, juu ya pale maji kujaa yanapofika. Mabuu yake hupenya ngozi ya mguu mtupu na kuchora mstari mwekundu unaowasha usiku kucha. Hapo ndipo wanapopita akina mama wa Paje na Jambiani wakienda kwenye mwani, na ndipo wanapocheza watoto wakitoka skuli. Minyoo mingine ya mbwa, toksokara, mabuu yake yanaweza kufika hadi kwenye jicho la mtoto. Mtoto wa mbwa huipata tangu tumboni mwa mama yake, kwa hiyo dozi ya kwanza apewe akiwa na wiki 2, wala isingojwe akue.

Unguja ilitangazwa kuwa huru na mbung'o mwaka 1997, baada ya kuachiwa madume yaliyofanywa tasa. Nchi iliyoweza hilo haishindwi na kupe wa ukutani.

Anza na wilaya moja kabla ya masika, masheha watangaze siku na mahali, na kila kituo kiandike kilichoonekana katika damu ya kila mbwa. Wenye mbwa tutawaleta wenyewe, kwa kamba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfugaji, Wilaya ya Kusini, Unguja